Shemeji Alivyotukata kwa Msumeno

Mume wa dada yangu aliwahi kuhamisha soko kuu la jiji kabla ya chai ya saa nne. Alilinyanyua kwa vidole viwili, akalipuliza vumbi, akaliweka upande wa pili wa reli, kisha akaenda kunywa chai yake. Jioni alitusimulia habari hiyo kifua mbele, kama mtu aliyeamua vita. Dada yangu akamwuliza wachuuzi walisemaje. "Wachuuzi sijawachonga bado," akasema shemeji, akaomba aongezewe mchuzi.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Meya, na yeye akaitika bila aibu.

Kabla ya kuwa Meya alikuwa seremala kama maseremala wengine. Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye alimchapa kwa rula ya mbao kila alipokosea kipimo, ndiyo maana mpaka leo akipima kitu hukipima tena, halafu hukitazama kwa woga. Alitengeneza milango, majeneza na vitanda visivyolia. Vitanda ndivyo vilivyompa sifa, maana kwenye nyumba za kupanga, ambako ukuta ni jina tu, kitanda kisicholia ni heshima ya familia. Kwetu aliitwa na mama atengeneze mlango wa mbele uliokuwa ukiburuza sakafu. Kazi ya saa moja ikamleta wiki nzima. "Nilimwita anitengenezee mlango," mama husema, "akamtoa mwanangu kupitia mlango huohuo."

Hakumtoa mbali. Baada ya harusi kodi ya mjini iliwashinda, wakahamia chumba cha uani nyumbani kwa mama, na shemeji akawa mwanamume aliyeolewa. Nilimkumbusha jambo hilo kila asubuhi, nikiwa kwenye cherehani yangu barazani na yeye akipita na mswaki mdomoni. Kama shemeji mtu hataniwi na mdogo wa mkewe, atataniwa na nani?

Nyumba yenyewe mama aliijenga chumba kwa chumba, kila kimoja na shida zake. Cha mbele kilitokana na kufua nguo za watu. Cha kati kilitokana na kiinua mgongo cha marehemu baba, ambacho kilikuja baba mwenyewe akiwa ameshasahau alikidai kwa nani. Cha uani kilifika kwenye madirisha kikasimama, kikaota majani ndani, kikaja kumaliziwa mimi nilipoanza kushona sare za shule. Kiwanja mama alikinunua kwa mtu aliyekinunua kwa mtu, mbele ya mashahidi ambao sasa wengi wako makaburini, kwa hiyo upande wa ushahidi tulikuwa na upungufu kidogo. Mtaa wote ulikuwa hivyo. Uko ng'ambo ya korongo, mahali jiji linapoishia au linapoanzia, inategemea umeamkia wapi, na hakuna ofisi iliyowahi kuupanga. Watu walikuja, wakatazamana, wakaachiana njia ya kupita mkokoteni, wakajenga.

Sasa nieleze jinsi seremala alivyopewa jiji.

Idara ya Mipango Miji ina ramani yake, na Wakala wa Usafiri una ramani yake, na ramani hizo hazijawahi kusalimiana. Penye barabara katika moja pana mto katika nyingine. Kuna shule ambayo kwa watu wa Mipango ni shule na kwa watu wa Usafiri ni mzunguko wa magari. Ulipokuja mradi wa barabara ya mabasi makubwa, wale wa huku na wale wa kule wakakaa vikao, wakanywa maji ya chupa, wakabishana ifuatwe ramani ya nani. Kwenda mitaani kuangalia kwa macho kulipendekezwa, lakini siku hiyo kulikuwa na jua. Mwishowe mmoja akachoka, akasema jiji zima lichongwe kwa mbao, liwekwe juu ya meza, lisiwe la ofisi yoyote, na kila mtu apangie hapo. Wote wakapiga makofi. Ndipo akatafutwa seremala mwenye mkono mwepesi, na Mkurugenzi wa Mipango akakumbuka kitanda alichotengenezewa na shemeji.

Huyo Mkurugenzi ni mtu mwenye suti nyingi na jibu moja. Ukimwambia paa linavuja, atasema tutalifanyia kazi. Ukimwambia nyumba inaungua, atasema tutalifanyia kazi. Lakini kwenye jiji la mbao alikuwa na mawazo mengi, na yote alimpa shemeji.

Shemeji alichonga kwenye banda nyuma ya ofisi. Majumba ya katikati alitumia mbao ngumu, mitaa ya kawaida plaiwudi, miti sifongo aliyoikatakata na kuichovya kwenye rangi ya kijani. Mabwawa ya kuogelea ya mtaa wa wakubwa alitumia vipande vya chupa ya bluu, na aliyachonga kwa upendo ambao mimi sijawahi kuuona akimpa dada yangu. Alitaka meza iwe vipande viwili vya kuunganisha. Mkurugenzi akakataa. "Mkubwa atakapokuja kuzindua, ataona ufa katikati ya jiji," akasema. "Jiji langu halina ufa." Mkubwa ni yule ambaye magari husimamishwa akipita. Basi meza ikawa moja, pana kama ukumbi wa harusi, nzuri ya kuliza.

Siku ya kuihamishia kwenye ukumbi wa mikutano, wakafika nayo mlangoni, ikagoma. Huwezi kulaza jiji ubavu, majumba yatamwagika. Shemeji akashauri watoe fremu ya mlango. Mkurugenzi akasema mlango ule ni mpya, una vioo, na yeye mwenyewe aliukatia utepe. Wapagazi walikuwa wanatokwa jasho, jiji likiwa linaning'inia kwenye ngazi.

"Kata kidogo," Mkurugenzi akaamua.

"Nikate wapi, bosi?"

"Pasipo na kitu."

Mlango ulitaka upana upungue, kwa hiyo pande zilikuwa mbili tu. Upande mmoja kulikuwa na mtaa wa wakubwa na yale mabwawa, na nyumba ya Mkurugenzi mwenyewe ikiwa na banda la mbwa. Upande wa pili kulikuwa na korongo, na ng'ambo ya korongo tulikuwa sisi. Shemeji akapima, akapima tena, akatazama kwa woga, akachukua msumeno, akafuata mstari wa korongo. Jiji likapita mlangoni likiwa limepungua mtaa mmoja, na hakuna aliyeuliza.

Kile kipande hakukitupa. Alikileta nyumbani, akakiweka barazani karibu na cherehani yangu, akatuita tuje tujione. Na sisi tulivyo wajinga, tukafurahi. Nasema wajinga na ninajihesabu. Mtaa mzima ulikuja kutazama mtaa mzima. Jirani wa upande wa kulia alilalamika choo chake hakipo, shemeji akamchongea. Mwenye duka alitaka kibaraza chake kionekane kwamba kina saruji. Mwanamke mmoja aliyekuwa amegombana na mwenzake alitaka ukuta kati yao uongezwe urefu, akaongezewa. Mama alitaka kamba yake ya kuanikia nguo, na shemeji, kwa kuwa mkwe haombi mara mbili, akasokota uzi wangu mwekundu na kuanika juu yake vitambaa vidogo kama kucha. Kwa muda mfupi tukawa mtaa uliochongwa vizuri kuliko mtaa wowote jijini, na haikutupitia akilini kwamba jiji lilikuwa kule ukumbini na sisi tulikuwa barazani.

Watu wa vigingi walikuja asubuhi moja, wakiongozwa na mtaalamu wa mabasi kutoka Wakala wa Usafiri. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, viatu vyake vya buti vikiwa havijawahi kuona tope. Alipita chini ya nguo za mama alizokuwa ameanika, akiinama vizuri asizichafue, akaagiza kigingi cha kwanza kipigwe mbele ya cherehani yangu.

"Samahani dada," nikamwambia, "hapo wateja wangu ndipo wanaposimama."

"Hili ni eneo la wazi," akanijibu kwa upole. "Hapa panajengwa karakana ya mabasi. Barabara inaishia kwenye korongo, na mabasi yanahitaji mahali pa kulala."

Mama akatoka ndani akijifuta mikono. "Eneo la wazi ni lipi, mwanangu?"

"Hili lote, mama."

"Na mimi hapa ni nini?"

Yule mtaalamu akajisikia vibaya, nilimwona. Akasema kwa mujibu wa mpango, mtu anayekutwa kwenye eneo la wazi ni mvamizi, lakini si yeye aliyelitunga neno hilo. Akatoa simu, akatuonyesha picha ili tusidhani anatuonea. Ilikuwa picha ya meza. Jiji lilifika mpaka kwenye korongo, halafu meza ikaisha, na baada ya meza kulikuwa na sakafu ya ukumbi. Mkubwa angekuja kuubariki mpango mwezi uleule, na baada ya hapo mashine zingeingia.

Dada yangu alinyakua ile simu akaitazama kwa karibu. Pembeni mwa meza mbao ilikuwa na mikwaruzo ya mlalo, na jino moja la msumeno lililokosekana liliacha mstari wake. Msumeno ule dada anaujua, analala nao chumba kimoja. Alirudisha simu, akaingia ndani, tukasikia sufuria zikipangwa kwa nguvu ambayo sufuria hazikuhitaji.

Jioni shemeji alirudi akiimba. Alimkuta mama barazani, amevaa khanga yake ya kwendea msibani.

"Baba, keti," mama akamwambia.

Mama akikuita baba kwa sauti ile, afadhali akutukane. Shemeji akakaa kwenye ncha ya benchi, mbali na mkwewe kama heshima inavyotaka, na zaidi kidogo.

"Wamekuja watu leo, baba. Wanasema hapa hapana kitu."

Shemeji akajikuna kichwa. Akaeleza habari za mlango, vioo, utepe, wapagazi na ngazi. Alieleza vizuri, nami nusura nimwonee huruma.

"Kwa hiyo ulitukata," mama akasema.

"Niliambiwa nikate pasipo na kitu, mama."

"Ukaona ni kwangu."

Shemeji akatazama miguu yake. "Mama, kule kwingine kulikuwa na mabwawa. Ningekata bwawa la mtu ningefukuzwa siku ileile. Nikajisemea, hawa ni ndugu zangu, watanielewa."

Nadhani hapo ndipo nilipomchukia na kumpenda kwa mpigo. Maana alikuwa anasema kweli. Sisi ndio watu ambao mtu huwakanyaga akiwa anakimbilia kuwafungulia wengine mlango, kwa sababu anajua jioni bado watampakulia. Na kweli, dada alikuwa amempakulia. Chakula kilikuwa baridi, lakini kilikuwa mezani.

"Utaturudisha," mama akasema. "Sijui kwa njia gani. Wewe ndiye fundi."

Bahati yetu, Mkurugenzi alikuwa anataka kitambaa cha kulifunika jiji mpaka dakika ya uzinduzi, na shemeji alikuwa ameshampelekea jina langu. Jumamosi mchana, ofisi ikiwa tupu, tukafika pale mimi na yeye tumebeba kile kipande cha mbao begani, kimeviringishwa ndani ya kitambaa cha zambarau. Mlinzi wa getini akaweka gazeti chini.

"Mmebeba nini?"

"Kitambaa cha uzinduzi," nikasema.

"Mbona kinawatoa jasho?"

"Kina pindo zito."

Alitutazama, akaitazama ile ncha ya mbao iliyokuwa imetokeza upande wa nyuma, pamoja na choo cha jirani yetu. Akachukua tena gazeti lake. "Mimi nimeajiriwa kulinda vinavyotoka," akasema. "Vinavyoingia si kazi yangu."

Mlangoni tulipita bila shida, maana kipande kilikuwa chembamba. Shemeji akalala chini ya meza akafunga vyuma na skrubu, akapaka gundi, akasukuma, na korongo likameza kiungo chote kama vile halijawahi kukatwa. Akapitisha kidole juu yake huku na huku. Machozi yalimtoka, akasema ni vumbi la mbao. Nikamwacha, ingawa kwa kawaida nisingemwacha. Tukalifunika jiji kwa kitambaa, tukaondoka.

Siku ya uzinduzi nilipewa kazi ya kuvuta kitambaa, kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu. Mkubwa aliingia na watu wengi kuliko viti. Mkurugenzi akahutubia kuhusu jiji la kisasa mpaka mpiga picha akakaa. Mtaalamu wa mabasi alisimama pembeni ameshika kibao kidogo kilichopakwa rangi ya kijivu, ambacho ndicho kilikuwa karakana. Kilitakiwa kuwekwa mwisho wa barabara, kwenye kijimeza cha kuongezea walichokuwa wamekiandaa. Nikapewa ishara, nikavuta.

Mkurugenzi ndiye aliyetuona kwanza. Uso wake ulipita rangi kadhaa ambazo sina uzi wake. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, maana angesema nini? Kwamba kuna mtaa umeongezeka? Nani aliuondoa, na kwa amri ya nani? Akamtafuta shemeji kwa macho, na shemeji akawa ghafla anaichunguza dari.

Mkubwa alikuwa tayari ameinama upande wetu. Sehemu nyingine zote za jiji zilikuwa vibao tu, safi, vimepangwa. Kwetu kulikuwa na vyoo, vibaraza, ukuta wa ugomvi na paa lenye tairi juu yake. Mkubwa akavaa miwani.

"Hawa wamefua leo," akasema akigusa kamba ya mama kwa ncha ya kidole. Akacheka, watu wote wakacheka. "Hapa ndipo mlipotaka kuweka karakana?"

"Tutalifanyia kazi, mheshimiwa," Mkurugenzi akasema.

"Hapa pana watu. Pelekeni kwingine." Akampokonya mtaalamu wa mabasi kile kibao, akatazama meza kutoka ncha hadi ncha, mkono ukiwa juu ya jiji. Kwenye mwisho mwingine, mlimani, kulikuwa na kijani kitupu. Akakiweka hapo, akakibonyeza, kikazama kwenye sifongo. "Huku ni pori. Mabasi yatapata hata hewa nzuri."

Makofi yakalia. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka. Mtaalamu wa mabasi hakupiga. Shemeji alipiga kofi moja, mikono ikabaki imeshikana.

Nyumbani ilikuwa sikukuu isiyo na jina. Jirani wa choo alileta soda, wale wagomvi wawili walicheza muziki mmoja, na vigingi viling'olewa vikawa kuni. Shemeji aliwekewa sahani iliyofurika, akaitazama tu. Watu walipoanza kutawanyika mama akasogeza kigoda.

"Huli, baba."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Karakana wameipeleka wapi?"

Niliombea asijibu. Nasema wazi, nilitaka asijibu, tulale.

"Mlimani, mama. Kwenye sifongo."

"Chini ya sifongo kuna nini?"

Shemeji akazungusha sahani. Alisema Mkurugenzi alitaka jiji liwe na kijani cha kutosha, kwa sababu majiji mazuri yana kijani, na yeye wakati huo plaiwudi ilikuwa imemwishia na sifongo imejaa gunia. Kwa hiyo mlima wote akaubandika miti. "Kuna mtaa, mama," akasema. "Mkubwa kuliko huu. Nimewahi kuwatengenezea milango."

"Hao nao wana maseremala wao," nikasema.

"Nyamaza wewe," mama akaniambia, wala hakunigeukia. Alikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Kuna mwanamke kule ameanika nguo leo. Hanijui, simjui. Na mimi nimemsukumia mabasi mlangoni, halafu nacheza muziki."

"Si wewe, mama, ni Mkubwa," dada yangu akasema.

"Mkubwa aliona sifongo. Sisi tunajua." Akamgeukia mkwewe. "Mbao zipo?"

"Mama, kibarua kitaota nyasi," shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ile ilikuwa kazi ya kwanza ya mshahara maishani mwake, yenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na alikuwa akilala nacho. Dada alimtazama mama, akamtazama mumewe, na najua alikuwa anafikiria ada ya shule ya watoto wao, maana hata mimi nilikuwa naifikiria.

"Mimi sikuamuru," mama akasema. "Nimeuliza kama mbao zipo."

Jumapili shemeji alipanda mlimani na dada yangu. Walirudi wamechoka, dada akiwa amebadilika, kwa sababu alikuwa amekaribishwa maji na mwanamke aliyemwonyesha nyumba yake chumba kwa chumba, akimsimulia kila kimoja alikipataje. Walimu wa shule ya kule walikuwa wameshasikia fununu za karakana, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Wiki nzima baada ya hapo baraza letu lilijaa nyumba. Shemeji alichonga jioni, dada alipaka mapaa, na mimi, kwa shingo upande, nilikata vitambaa vya kuanika. Mtaani wapo waliotuona wendawazimu. Mwenye duka alisema wazi kwamba tunachokoza nyuki waliokwisha lala. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Yaliyotokea ukumbini tulisimuliwa na mlinzi. Shemeji aliingia asubuhi mapema na katoni la nyumba, akaanza kubandua sifongo na kupanga mtaa, akianzia chini akipanda juu. Watu wa ofisi walipita wakadhani ni matengenezo. Mtaalamu wa mabasi alikuja, akasimama, akauliza kama nyumba zote zile ziko kule kweli. Akaambiwa zipo, na nyingine hazikutosha katonini. Akang'oa kile kibao cha kijivu kutoka pale mlimani, akakitia mfukoni, akaenda zake bila neno. Ndipo akafika Mkurugenzi.

"Nani kakuruhusu?" akauliza. Kwa mara ya kwanza hakusema atalifanyia kazi.

"Mama mkwe wangu," akajibu shemeji, akaendelea kupaka gundi.

Mlinzi alisema kila mtu ukumbini alianza kutafuta cheo hicho kwenye mpangilio wa ofisi. Kisha Mkurugenzi akakitaka kitambulisho, na shemeji akakivua shingoni, akampa.

Tulimwona akija kabla ya saa sita, sanduku la vifaa begani, kifua hakipo tena mbele. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Dada alisimama mlangoni, hakuhitaji kuambiwa kitu, alitazama shingo ya mumewe tu, akageuka akaegemea fremu.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Zimebaki chache za kileleni."

"Hawakuacha umalizie."

"Hawakuacha."

Mama akapepeta mchele, pumba zikaruka. "Na zile ulizoweka, si watazing'oa leo hii hii?"

Shemeji akaweka sanduku chini. Akakaa kwenye benchi, karibu na mkwewe kuliko heshima inavyotaka.

"Nimetumia gundi ya majeneza, mama," akasema. "Wakitaka kuzing'oa, wavunje meza."